Uholanzi kwa Wawili: Raha Iko Mtaani

Mwezi huu tunapanda ndege. Najua wengi wenu mkisikia safari ya Ulaya kichwani inakuja Paris: mnara, mishumaa na picha za kuwarusha roho mashosti. Hakuna ubaya. Lakini kwa nyie wawili mnaodunduliza mshahara ili mwende mahali pamoja, iwe ni fungate au kusherehekea miaka yenu ya ndoa, leo naomba niwapigie debe nchi moja ndogo, tambarare, yenye mvua nyingi na watu warefu. Uholanzi.

Amsterdam ina sifa zake za usiku, na tutazifikia msiwe na haraka. Ila muulize mtu aliyekwenda mara ya pili na ya tatu amerudia nini. Atakwambia alirudia vitu vidogo: kuendesha baiskeli bila kuogopa daladala, kukaa kando ya maji na kikombe cha kahawa, kula chipsi kwenye karatasi huku akitazama watu. Maisha ya kawaida ya mji ndiyo burudani yenyewe. Na maisha hayo yana kanuni zake. Mkizijua mapema mtaponda raha. Msipozijua mnaweza kununiana juu ya daraja zuri kuliko yote mliyowahi kupigia picha, na wiki moja ya kununiana Ulaya ni akiba ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Mji usiotisha

Kuna miji mikubwa ukifika unajiona sisimizi. Amsterdam haiko hivyo. Katikati ya mji nyumba nyingi ni za ghorofa nne au tano, nyembamba, zimebanana kama watu kwenye basi la jioni. Mifereji mitatu mikubwa, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilichimbwa katika karne ya 17, na mwaka 2010 eneo hilo likaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Madaraja ya mji mzima yanapita 1,200. Unaweza kutembea siku nzima na mwenzio, na kila mkikata kona mnakutana na maji.

Mkitembea, inueni macho. Juu ya nyumba nyingi utaona boriti imechomoza nje ikiwa na ndoano. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia mnazi, kwa hiyo kitanda au sofa haipiti. Inafungwa kamba, inavutwa juu na kuingizwa dirishani. Tena ardhi yenyewe ni tope, hivyo nyumba za zamani zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizokitwa chini. Kasri la Kifalme pale uwanja wa Dam, linalotokana na karne hiyo hiyo ya 17, limekalia nguzo 13,659. Ndiyo maana nyumba nyingine zimeinama kidogo kama zimelewa.

Jioni taa zikiwashwa utagundua jambo jingine: nyumba nyingi hazifungi mapazia. Unaona sebule ya mtu, vitabu, maua mezani, paka dirishani. Pita, tazama kidogo, endelea na safari. Usisimame ukapiga picha, ni nyumba ya mtu ile.

Kuna neno mtalisikia kila mahali: gezellig. Ni ile hali ya mahali pamechangamka, pana joto la watu na hakuna anayekukimbiza. Mkahawa wa zamani wenye mbao za kahawia, mshumaa mezani, mvua nje, watu wawili wanapiga soga: hapo Mholanzi anasema ni gezellig. Hoteli ya kifahari isiyo na watu haipati sifa hiyo. Kwa wapenzi hii ni habari njema, kwa sababu kitu kinachothaminiwa zaidi mjini hakina bei kubwa. Kinahitaji muda tu, na mtu wa kukaa naye.

Baiskeli zilipiganiwa

Uholanzi ina watu wapatao milioni 18, na baiskeli ni nyingi kuliko watu. Mawaziri wanazipanda, wazazi wanapakia watoto watatu kwenye sanduku la mbele, vijana wanaendesha huku wameshikana mikono. Mpenzi akikaa kwenye keria kwa upande, miguu inaning'inia, mwenzie anachochea pedeli: hiyo ndiyo gari ya maharusi ya mtaani kule.

Wengi hudhani walizaliwa hivyo. Sivyo kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waholanzi nao walipenda magari kama sisi tunavyoyapenda. Barabara zikapanuliwa, baiskeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto zaidi ya 400 wakiwemo. Wazazi wakaingia mitaani kuandamana, na kauli yao ilikuwa kali: acheni kuua watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikatangaza Jumapili bila magari, na watu wakaonja mitaa yenye utulivu. Mabadiliko yalianza pole pole kuanzia hapo. Njia unayoifurahia leo ni matunda ya akina mama na akina baba waliokataa kuzika watoto zaidi.

Sasa matokeo yake hayafichiki. Chini ya stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika 2019. Pale Amsterdam njia ya baiskeli inapita katikati ya jengo la Rijksmuseum, lile lenye mchoro wa Rembrandt wa 1642 uitwao De Nachtwacht. Yaani mtu anatoka sokoni na vitunguu vyake, anapita chini ya hazina ya taifa, anaenda kupika.

Kwa mgeni sheria ni hizi. Lami nyekundu ni ya baiskeli, usisimame hapo kupiga picha, utapigiwa kengele na pengine maneno. Usiku taa ni lazima. Kushika simu mkononi huku unaendesha ni kosa tangu Julai 2019. Na kama mmoja wenu hajui baiskeli, tafadhali usimlazimishe ili upate picha. Tramu zipo, miguu ipo, na nyuma ya stesheni kuu ya Amsterdam kuna vivuko vya kwenda upande wa Noord. Ni kama pantoni la Kigamboni, tofauti ni kwamba kule halilipiwi.

Ukweli bila sukari

Hapa ndipo wengi wetu tunapopata mshituko. Sisi tumefundwa kuzunguka. Ukitaka kumwambia mtu hapana, unasema tutaona, panapo majaliwa. Mholanzi anasema hapana, kisha anakutengea kahawa. Utamuuliza kama nguo imekupendeza, atakwambia ile ya bluu ilikuwa bora. Hana hasira na wewe, anaona amekuheshimu kwa kukwambia kweli.

Kuna na mambo ya miadi. Kumtembelea mtu bila taarifa, ule uhodi wetu wa ghafla, kule si kawaida. Watu hufungua kalenda na kupanga wiki kadhaa mbele, hata kwa rafiki. Ukialikwa kahawa saa nane mchana ni kahawa na biskuti, si pilau, na kabla ya chakula cha jioni unaaga. Siku ya kuzaliwa ndugu wanakaa kwenye duara sebuleni, na mgeni hampongezi mwenye siku tu: anampongeza na mama yake, na mumewe, na kila aliyekaa. Kadi ya majina na tarehe za kuzaliwa mara nyingi hutundikwa chooni, ili kila mtu aione kila siku. Nadhani hiyo inafaa kuigwa, hasa na akina baba fulani.

Tabia hii ya kusemezana wazi wenyewe hupenda kuieleza kwa maji. Robo hivi ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, hata uwanja wa ndege wa Schiphol. Tangu karne ya 13 wamekuwa na mabaraza ya maji, ambayo yapo mpaka leo na wajumbe wake wanapigiwa kura. Tuta likivunjika, maji hayachagui tajiri wala maskini, basi ilibidi mahasimu wakae meza moja mpaka waelewane. Wana hata kitenzi chake, polderen, kutokana na neno polder, ardhi iliyokaushwa kutoka majini. Na hatari si hadithi ya kale: usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilipasua matuta kusini-magharibi na kuua watu 1,836. Mitambo mikubwa ya kuzuia maji iliyojengwa baada ya hapo ilikamilika mwaka 1997.

Sasa wewe na mwenzio mko kwenye nchi ya namna hiyo, na nyumbani mmezoea kumezea. Yeye anataka makumbusho, wewe unataka maduka, wote mnasema popote tu mpenzi. Kufikia siku ya tatu mmoja amevimba mashavu. Jaribuni Kiholanzi kidogo: kila asubuhi kwenye chai kila mtu ataje kitu kimoja anachokitaka siku hiyo na kimoja asichokitaka. Bila kuzunguka mbuyu. Mtashangaa mnavyoshabihiana, au mtagundua mapema msiposhabihiana, ambayo nayo ni faida.

Bili ikija

Waingereza wakisema mlipe Kiholanzi wana maana kila mtu alipe alichokula. Kule haina soni. Mwaka 2016 benki ya ABN AMRO ilileta programu ya simu iitwayo Tikkie: mmoja analipa bili, kisha anawatumia wenzie ombi la sehemu zao. Imezoeleka mpaka jina lake limekuwa neno la kila siku. Kwetu mwanaume akitumiwa ombi la euro tatu za kahawa atahisi ametukanwa.

Sisemi muanze kutumiana madai kitandani. Nasema pesa iongelewe kabla ya ndege kuruka. Nani analipia nini, kikomo ni kiasi gani, na mkiona kitu cha ghali mnaamuaje? Mahesabu yawe ya kweli. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Amsterdam inatoza wageni kodi ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, ambayo huenda haionekani kwenye bei ya tangazo. Maduka mengi hayapokei noti, yanataka kadi. Habari nzuri ni kwamba tangu 2023 unaweza kugusisha kadi yako ya benki kwenye treni, tramu na basi nchi nzima. Gusa ukiingia, gusa ukitoka. Ukisahau kutoka unakatwa zaidi. Na kila mtu awe na kadi yake, moja haichukui watu wawili.

Tumbo nalo lina haki

Waholanzi wenyewe hawajidai kwa mapishi. Mchana ni mkate na jibini, na watu wazima wenye akili zao hunyunyiza punje za chokoleti juu ya mkate. Lakini mtaani kuna vitu. Onjeni haring, samaki mdogo wa chumvi asiyepikwa, anayeuzwa na vitunguu. Kuna chipsi na mayonezi nzito. Kuna kroket, donge la nyama laini lililokaangwa, linalonunuliwa kwenye vidirisha ukutani: unalipa, unafungua, unakula. Na stroopwafel ya moto, vigamba viwili vyembamba vyenye asali ya sukari katikati, mgawane moja maana ni tamu ile mbaya.

Chakula kitakachowakumbusha nyumbani, hata hivyo, kimetoka mbali. Migahawa ya Kiindonesia huleta meza ya wali na vibakuli vingi vya mboga, nyama na pilipili. Ya Kisuriname ina roti, mchuzi wa kuku na viazi ambao mtu wa Zanzibar au Mombasa hatauliza maswali. Vyakula hivyo vina historia yenye machungu. Indonesia ilitawaliwa na Uholanzi, ikatangaza uhuru 1945, na wakoloni wakakubali 1949 baada ya vita. Suriname, ambako Waafrika waliuzwa na kutumikishwa mashambani, ilipata uhuru 1975. Utajiri uliojenga baadhi ya majumba yale mazuri ya mifereji ulipitia huko. Julai 1, 2023, Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi hadharani Amsterdam kwa ajili ya utumwa, siku ya Keti Koti ambayo Wasuriname hukumbuka kuvunjika kwa minyororo mwaka 1863. Mkiwa huko siku hiyo, nendeni. Mtakula, mtacheza, na mtaelewa mji kuliko kwa kutazama madirisha tu.

Msijifungie Amsterdam

Nchi ni ndogo na treni ni nyingi. Utrecht iko chini ya nusu saa, na mfereji wake wa Oudegracht una vyumba vya chini usawa wa maji, ambavyo zamani vilikuwa maghala na sasa vingi ni migahawa. Rotterdam ni kinyume cha Amsterdam: katikati yake iliteketezwa kwa mabomu Mei 14, 1940, wakaamua kujenga upya kwa mtindo mpya. Kuna nyumba za umbo la mchemraba za Piet Blom za mwaka 1984 na soko la Markthal la 2014, ambalo dari yake imejaa picha kubwa za matunda na mboga. Den Haag, ile Hague ambayo Wakenya waliizoea kwenye taarifa ya habari kwa kesi za vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, ina pia makumbusho ya Mauritshuis, anakokaa msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu, na ufukwe wa Scheveningen. Leiden ni mji wa wanafunzi, na chuo kikuu chake hufundisha Kiswahili, kwa hiyo chungeni midomo mnaposengenya watu kwenye mkahawa.

Mkienda kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei, bustani ya Keukenhof iko wazi na tulipu zimechanua. Ukimnunulia mpenzi waridi mjini, fahamu kuwa huenda limesafiri kuliko nyie: Kenya huuza maua mengi Uholanzi, na mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, karibu na Schiphol.

Na yale ya usiku

Haya, nimewaahidi. Panapoandikwa coffeeshop hapauzwi kahawa kwanza, panauzwa bangi. Sheria inavumilia kiasi kidogo, haijaihalalisha moja kwa moja, na kuivuta mitaani kwenye eneo la taa nyekundu kumepigwa marufuku tangu Mei 2023. Kahawa ya kawaida inapatikana panapoitwa café. Wanawake walio madirishani wako kazini, usiwapige picha. Kama mmoja wenu hataki kupita mtaa ule, msipite. Wenyeji wengi wamechoshwa na wageni wanaokuja kulewa na kupiga kelele, na mwaka 2023 jiji lilianzisha kampeni ya kuwaambia vijana wa Kiingereza wenye nia hiyo wabaki kwao. Mji ni mzuri kwa anayeuheshimu.

Wanachokilinda

Kitu kimoja nataka mkitazame vizuri mkiwa huko. Saa kumi na mbili jioni familia nyingi ziko mezani. Uholanzi inaongoza Ulaya kwa watu wanaofanya kazi saa pungufu, wanawake hasa, ingawa na akina baba wapo wanaobaki nyumbani siku moja ya wiki kulea. Hiyo ina gharama zake, na wanawake wa kule wanalalamika kuwa mzigo wa kupunguza kazi bado unawaangukia wao. Lakini taarifa za UNICEF za mwaka 2013 na 2020 kuhusu ustawi wa watoto katika nchi tajiri ziliiweka Uholanzi nafasi ya kwanza.

Sisi vijana wa maofisini tunatoka kazini saa moja, tunafika saa tatu na foleni, tunapeana mgongo na simu mkononi. Mifereji hamwezi kuibeba kwenye begi. Mnaweza kurudi na jioni mbili kwa wiki zisizoguswa na bosi wala simu, mkazitetea kama wale wazazi walivyotetea barabara. Ugomvi wa kwanza utakuwa na wewe mwenyewe.

Kabla hamjafunga mabegi

Tiketi za nyumba ya Anne Frank, pale Prinsengracht 263, huuzwa kwenye intaneti tu: kila Jumanne zinafunguliwa za wiki sita mbele, na zinakwisha haraka. Makumbusho ya Van Gogh nayo inataka uchague saa mapema. Siku ya Mfalme ni Aprili 27, au 26 ikiangukia Jumapili. Nchi nzima inavaa rangi ya chungwa na watu wanauza mitumba yao barabarani, raha tupu, ila vyumba vinapanda bei. Bebeni koti la mvua, mwavuli na ule upepo haviivani. Chagueni vitu viwili kwa siku, si saba. Muda unaobaki kaeni kando ya maji, muagize kahawa, mtaletewa na kabiskuti kamoja.

Mkikavunja nusu kwa nusu, niandikieni mniambie nani alipewa kipande kikubwa. Tukutane mwezi ujao.